Dondakoo, kifaduro, pepopunda

Watoto walikuwa sita. Nesi aliwahesabu kwa ncha ya kalamu, mmoja mmoja kwenye benchi, akarudia tena kama konda aliyepotewa na nauli, kisha akasema: "Wa chanjo ya surua mko sita tu leo. Siwezi kufungua chupa. Mrudi Alhamisi."

Mwanaume nilikuwa peke yangu pale kwenye baraza ya kliniki. Mke wangu alikuwa zamu kazini na mimi nilikuwa likizo, kwa hiyo nikabeba mtoto, pampasi, uji na kadi, nikatoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu nikiamini kwamba saa tatu nitakuwa nimerudi kitandani. Kando yangu alikaa mama mmoja ambaye kanga yake ilikuwa imefifia hata maandishi hayasomeki. Alikuwa amepanda daladala mbili, na Alhamisi ni siku yake ya kuuza samaki. "Nesi, hata huyu wangu mmoja tu?" Nesi akamtazama kwa macho ya mtu aliyeulizwa swali hilo tangu siku ya kwanza ya ajira. "Mama, nikiifungua, zinazobaki namwaga."

Niliudhika. Kichwani nilikuwa nimeshaanza kuandika makala kali, na hii siyo ile. Nilipomfuata nesi dirishani kudai maelezo, hakunifokea. Alifungua kisanduku cha baridi akanitolea kichupa chenyewe, kidogo kama kidole gumba, chini kuna unga mkavu kama sukari ya kusaga iliyoshikana.

"Baba, hii ina dozi kumi," alisema. "Nikishachanganya na maji yake, nina saa sita. Baada ya hapo haifai." Chanjo ya surua haina dawa ya kuzuia vijidudu ndani yake, kwa hiyo ikishafunguliwa ikalala, inaweza kumdhuru mtoto badala ya kumkinga. Ya kifua kikuu, ile wanayoiita BCG, ndiyo mbaya zaidi, chupa moja ina dozi ishirini. Akanionyesha na kibandiko chake: mduara wa zambarau, katikati kuna kimraba cheupe. Joto likiingia, kimraba kinaanza kukolea. Siku rangi yake ikilingana na ya mduara, chupa nzima inatupwa bila mjadala. Hakijali umeme ulikatika lini, wala nani alisahau mlango wa friji wazi. Kinakumbuka joto lote tangu kiwandani.

Nilijifunza baadaye kwamba Shirika la Afya Duniani linahimiza chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, kwa sababu mtoto aliyerudishwa nyumbani huenda asirudi tena. Ni kanuni nzuri. Lakini kati ya kanuni ya Geneva na friji ya mtaani kuna nesi mmoja mwenye daftari, ambaye mwisho wa mwezi ataulizwa dozi zilienda wapi. Sikumwonea tena hasira. Nilibaki na hasira kwa niaba ya yule mama wa samaki, kama hilo linaeleweka.

Mvua ikashuka. Tukabaki barazani sote, na mimi nikawa sina la kufanya ila kusoma bango la ukutani juu ya kichwa cha mizani. Kifua kikuu. Polio. Dondakoo. Kifaduro. Pepopunda. Homa ya ini. Homa ya uti wa mgongo. Nimonia. Kuhara. Surua. Rubela.

Kiswahili ndicho kinachonilisha. Nakihariri kutwa, nasahihisha wenzangu wakikosea ngeli. Lakini nikiwa pale na mwanangu wa miezi tisa ananyonya kona ya kadi yake, nikagundua kwamba kama mtu angeniambia nieleze dondakoo likoje, au mtoto mwenye kifaduro anakohoaje, ningeyumbayumba tu. Nayajua maneno, sijawahi kuwaona wenyewe. Ni kama majina ya ndugu waliokufa kabla hujazaliwa, unayasikia kwenye dua tu.

Nikampigia Bibi, Muheza.

Bibi yangu amevuka themanini, na mpaka leo akipokea simu yangu huniita mume wangu. Nikamwambia, mke wangu, niko kliniki, nimekwama kwenye mvua, hebu niambie pepopunda ni nini. Akacheka kwanza. Halafu akanyamaza, nikadhani mtandao umekata.

"Si ndiyo iliyomchukua mjomba wako," akasema.

Mimi nina wajomba watatu. Sikujua kwamba walikuwa wanne.

Mtoto wake wa pili alizaliwa mzima, akanyonya siku nne vizuri kabisa. Siku ya tano akaanza kukataa ziwa. Siyo kwamba hataki, alisema Bibi, anataka, anakuja, lakini mdomo haufunguki. Taya limejifunga. Jioni mlango ulijibamiza kwa upepo, na kale katoto kakajinyoosha chote, kisogo nyuma, mgongo ukapinda kama upinde, ngumi zimekaza. Kila kelele ilikuwa inamrudishia. Mwanga pia. Wakaziba dirisha kwa gunia, wakawa wananong'ona ndani ya nyumba, na mganga akasema ni pepo. Hakufika siku ya nane.

Ukilitenganisha neno, unapata pepo na punda. Pepo naielewa sasa. Punda nilimuuliza Bibi, akasema labda ni kwa vile mtu anavyokaza meno, mimi sijui, watu wa zamani ndio waliolileta.

Pepopunda ni kidudu cha udongoni. Kinakaa kwenye vumbi, kwenye samadi, kwenye majivu ya jikoni, na kinaweza kungoja humo miaka. Kitovu cha mjomba kilikatwa kwa wembe wa nyumbani, kikapakwa majivu kikauke, kama vilivyopakwa vya watoto wote wa kijiji. Sumu ya kidudu hicho ndiyo inayokaza misuli. Na hapa kuna jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: pepopunda haiambukizwi na mtu. Surua, watoto wa jirani wakichanjwa, na wako aliye mchanga anapata kivuli chao. Pepopunda haina kivuli cha jirani. Hata nchi nzima ichanjwe abaki mmoja, udongo bado unamngoja yule mmoja. Ndiyo maana wajawazito wanachomwa sindano ya pepopunda, ili kinga ya mama ipite kwa kondo la nyuma imfikie mtoto kabla hajauona wembe. Tanzania ilithibitishwa mwaka 2012 kuwa imetokomeza pepopunda ya watoto wachanga kama tatizo la afya ya jamii. Kidudu hakijaenda popote. Kipo hapo nje ya baraza ile, mvua inakinyeshea.

"Na surua?" nikauliza, maana nilikuwa nimeshaingia.

"Surua usiseme. Surua ilikuwa inapita kama mtoza kodi."

Nyumba yao ilipitiwa miaka ya sitini. Watoto watatu walitoka vipele wiki moja. Wawili wakapona. Wa tatu, binti wa miaka mitatu, naye alipona, na hapo ndipo Bibi anapokwama hata leo. Vipele vilikwisha, ngozi ikambambuka, akaanza kuomba chakula. Majirani walishakuja kutoa pole na kushukuru. Wiki mbili baadaye akashikwa na kifua, na kifua hicho hakikumwachia.

Nilikuwa nasikia watu wakisema surua ni homa na vipele, mtoto anafunikwa, anatoka. Bibi ameishi na fumbo hilo miaka sitini bila kujibiwa: mtoto aliyekwisha kupona alikufa na nini? Jibu lipo. Kirusi cha surua kinazivamia hasa zile chembe za mwili zinazotunza kumbukumbu ya maradhi. Mtoto akitoka surua, mwili wake unakuwa umesahau vita ulizokwisha kushinda, na nimonia au kuhara vinamkuta kama aliyezaliwa jana. Kwa hiyo surua yenyewe inaondoka na maiti inaandikwa jina la ugonjwa mwingine. Kabla chanjo yake haijaanza kutumika mwaka 1963, ilikuwa inakadiriwa kuua watu milioni 2.6 duniani kila mwaka. Utafiti uliotolewa mwaka 2024, katika kuadhimisha miaka 50 ya mpango wa chanjo wa Shirika la Afya Duniani, ulikadiria kwamba chanjo zimeokoa maisha ya watu milioni 154, na kati yao milioni 94 ni kwa chanjo ya surua peke yake. Milioni 94, kwa kile kichupa cha kidole gumba.

Haijakwisha, lakini. Mwaka 2023 iliua watu wanaokadiriwa kufika 107,500, wengi wao watoto. Mgonjwa mmoja akiingia katika watu wasio na kinga anaweza kuambukiza kati ya 12 na 18, na hewa aliyoiacha chumbani inabaki na kirusi hata saa mbili baada ya yeye kutoka. Ndiyo sababu wataalamu hung'ang'ania asilimia 95 ya watoto wapate dozi zote mbili. Dozi ya kwanza kwetu ni miezi tisa, kwa kuwa kabla ya hapo kinga aliyoipata kwa mama yake inaipiga vita chanjo yenyewe. Ya pili ni mwaka mmoja na nusu, kwa wale ambao ya kwanza haikushika. Ya pili ndiyo wazazi wanayoisahau. Mtoto ameshaanza kukimbia, nani anakumbuka kliniki?

Mengine ya bangoni nitayapita haraka. Dondakoo ni utando wa kijivu unaoota kooni mpaka mtoto anakosa hewa. Unaweza kudhani limebaki kwenye kamusi, ila Nigeria walipambana na mlipuko wake mkubwa kuanzia mwisho wa 2022, Kano ikaumia kuliko kwingine. Kifaduro ni kile kikohozi kisichokatika, mtoto anakohoa mfululizo hadi anabadilika rangi, kisha anavuta pumzi kwa mlio. Hayo mawili pamoja na pepopunda, homa ya ini B na Hib, kidudu kinacholeta nimonia na homa ya uti wa mgongo, ndiyo yamo kwenye sindano moja ya Penta, wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne. Usiku wa Penta ya kwanza mwanangu alichemka hadi nikawa napima joto kila robo saa, mke wangu akaniuliza kama nangoja uji uive. Asubuhi ilikuwa imeshuka. Pajani palibaki ugumu kama punje ya hindi kwa siku kadhaa. Tulikuwa tumeambiwa tusipakande, mama mkwe akapakanda.

Tukiwa bado kwenye simu nilimkumbuka Bibi na kovu lake. Ana kovu kwenye mkono, pana, la mviringo, limebonyea kama sarafu iliyopigwa muhuri kwenye ngozi. Langu la BCG begani ni dogo, halina hadhi ile. Wakenya wao huchomwa BCG mkono wa kushoto chini ya kiwiko, na kwenye basi la Arusha kwenda Nairobi nimewahi kumjua mtu kwao ni wapi kabla hajafungua kinywa. La Bibi ni la ndui, na ndilo linaloeleza hili neno chanjo.

Maana sisi hatukuiita sindano. Tuliiita chanjo, kwa kitenzi kile kile cha kuchanja chale na kuchanja kuni. Chanjo ya ndui ilikuwa ni kukwaruza ngozi na kupenyeza dawa, na mtu wa pwani alipoliona tendo hilo hakuhitaji neno jipya, mganga alikuwa akichanja siku zote. Wazungu walipitia kwa ng'ombe. Mwaka 1796 Edward Jenner, daktari wa kijijini Uingereza, alichukua usaha wa ndui ya ng'ombe kwenye mkono wa msichana mkamua maziwa, akamchanja nao mtoto wa miaka minane, na kwa Kilatini ng'ombe ni vacca, basi jina likatoka zizini. Letu lilitoka kwenye wembe. Leo mtoto anadondoshewa matone mawili ya polio mdomoni, hakuna hata tone la damu, na bado tunasema amechanjwa.

Kuhusu ndui kuna mtu ninayemfikiria kila nikiogopa sindano, na mimi sindano naziogopa. Anaitwa Ali Maow Maalin. Alikuwa mpishi wa hospitali Merka, bandari ya Somalia iliyo pwani moja na Barawa, ambako wenyeji wanasema Chimiini, ndugu wa Kiswahili chetu. Hospitali nzima ilikuwa ichanjwe. Yeye alikuwa hata amefanya kazi kwa muda katika kampeni ya kuchanja wengine, lakini aliona inauma. Zamu yake ilipofika akajishika mkono kama aliyekwisha kuchanjwa, akapita. Oktoba 1977 gari lilifika na watoto wawili wa wafugaji wenye ndui, dereva akauliza njia ya kambi ya wagonjwa, Maalin akapanda kuwaelekeza. Safari ya dakika chache tu. Siku kadhaa baadaye homa. Wakasema malaria. Vipele vikatoka, wakasema tetekuwanga. Ilikuwa ndui, na ikawa ya mwisho duniani kumpata mtu kwa njia ya kawaida. Mji wa Merka ukafungwa, watu zaidi ya 50,000 wakachanjwa katika wiki mbili. Yeye akapona. Mei 1980 ikatangazwa kwamba ndui imetokomezwa.

Miaka mingi baadaye Maalin alijitolea kwenye kampeni ya polio nchini kwao, akawa anawasimulia wazazi wanaokataa: mimi ndiye yule aliyekwepa. Julai 2013, polio iliporudi Somalia, alikuwa kazini tena. Akashikwa na malaria, akafa.

Polio imetufikia hata sisi vijana, angalau kwa chaki. Agosti 2020 Afrika ilithibitishwa haina tena kirusi asilia cha polio. Februari 2022 Malawi ikatangaza mtoto mmoja Lilongwe, na kirusi chake kilifanana na kile cha Pakistan. Mmoja tu, na nchi tano zikaamka. Kwetu wahudumu walipita nyumba kwa nyumba na visanduku vyao, kila mtoto wa chini ya miaka mitano matone mawili, kisha kidole kidogo kinapakwa wino, kisha wanaandika mlangoni kwa chaki. Mwenye nyumba wetu alifuta yale maandishi jioni ile ile, akidhani ni ya watu wa bomoabomoa. Kesho yake wakarudi kuandika upya.

Hapa ndipo ninapogombana na dada yangu. Binti yake ana miaka kumi na miwili. Tangu 2018 Tanzania inachanja wasichana dhidi ya kirusi cha HPV, kile kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, na mwaka 2024 ikawa dozi moja tu kwa wenye miaka 9 hadi 14. Siku ya chanjo shuleni dada alimwacha binti nyumbani, kwa sababu ya sauti iliyozunguka WhatsApp: zinafunga kizazi. Nilimwambia kwamba saratani hiyo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii, na kwamba kinachofunga kizazi kwa hakika ni upasuaji wa kuiondoa. Akaniambia mimi sina mtoto wa kike mkubwa, nitaelewa siku yangu ikifika. Nilivyoona, hakuwa anaogopa sindano. Alikuwa anaogopa kuwa mama aliyeamua. Mtoto akiugua mwenyewe ni kudra. Akidhurika kwa kitu ulichokitia saini, ni wewe. Sidhani takwimu zangu zilimgusa mahali popote.

Bibi ndiye aliyemjibu, bila kujua kuna ugomvi. Nilipomtajia saratani ya kizazi akasema, aa, ile ya harufu. Kulikuwa na mwanamke, jirani, alitengewa chumba cha uani, na wanawake waliompelekea chakula walikuwa wanavuta pumzi kwanza nje ya mlango. Nilimrekodi Bibi, nikamtumia dada ile sauti. Ina dakika mbili. Alama za buluu zinaonyesha ameisikiliza. Hajanijibu.

Alhamisi tukarudi. Walikuwa kumi na mmoja, nesi akapepesuka kwa furaha. Alichanganya, akaandika saa kwenye kichupa kwa kalamu ya wino mweusi, saa tatu na dakika kumi. Wa kwanza akawa mtoto wa mama wa samaki, alikuja na beseni lake kabisa akaliweka chini ya benchi, likatunukia sote. Wa kumi na mmoja akafunguliwa chupa ya pili. Sikuuliza zile tisa ziliandikwaje daftarini.

Wangu alichomwa mkono wa kushoto. Alichelewa kulia, kama anayetafakari, halafu akalia na mimi nikatazama ukutani. Nesi akavuta mstari kwenye karatasi yake ya kuhesabia, akaandika kwenye kadi tarehe ya kurudi akifika mwaka na nusu, akaniambia kadi nisiiweke pamoja na chupa ya uji.

Nikampigia Bibi kutoka kituoni cha daladala.

"Kachanjwa surua?"

"Kachanjwa."

"Kalia?"

"Kidogo."

"Haya. Sikiliza mume wangu, huku nazi zimepanda bei mpaka aibu. Huko Dar mnanunuaje?"